Bolti Sita Katika Karai Moja

Nakumbuka Jumanne moja ya mvua, mwanangu, nilipovuruga kazi ya wazee sita kwa muda usiotosha hata chai kuchemka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina ovaroli mpya na mdomo mrefu kuliko ovaroli yenyewe. Leo naishi hapa Tassia, orofa ya nne, magoti yananilalamikia kila ngazi, na vijana wa jengo wananiita Mama Fundi. Hawajui jina hilo lilinitoa jasho gani. Keti nikusimulie, na kama una haraka, basi wewe ndiye hasa niliyekuwa nikikutafuta.

Jina langu ni Nekesa, binti wa mfanyakazi wa reli, nimelelewa Makongeni. Baba alitaka niwe karani, nikae kwenye kiti chenye magurudumu, lakini mimi nilipenda chuma. Nilipotoka chuo cha ufundi nilipata kazi katika karakana moja ndogo kule Industrial Area, mtaa wa viwanda. Karakana hiyo ilikuwa na leseni ya kutunza bunduki za kizamani. Usishtuke, mwanangu. Hazikuwa bunduki za kumtisha mtu. Nyingine zilikuwa za kuwekwa nyuma ya kioo watoto wa shule wazione, na sita kati yake zilikuwa za chama cha askari wazee, wale waliopelekwa Bama kupigana vita vya pili vya dunia wakiwa hawajaota ndevu vizuri. Mmoja wao akifa, wenzake sita walisimama kando ya kaburi wakampigia risasi za heshima mara tatu, risasi zenye mlio na moshi tu, zisizo na kichwa. Bunduki zenyewe zilikaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli mbili, na hazikutoka nje ya lango bila polisi wawili kuzisindikiza.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Mutiso. Alikuwa Mkamba wa Machakos, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwaka. Jeshini alikuwa fundi wa silaha, na katika wale wazee sita wa kupiga risasi za heshima, yeye alikuwa mmoja. Mzee huyo alikuwa na desturi iliyonichosha roho. Kila bunduki ilifunguliwa peke yake. Vipande vyake vilikaa kwenye trei yake, na ya pili haikuguswa mpaka ya kwanza ifungwe na kurudi kabatini. Kando ya trei, kitabu cha matengenezo lazima kiwe wazi. Yeye alisoma mstari mmoja kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Mimi nilijibu, "Nimesikia." Nilifanya, kisha nikasema, "Imefanyika." Ndipo alipohamia mstari wa pili.

Alikuwa ameifanya kazi ile zaidi ya miaka arobaini! Angeweza kuifungua bunduki akiwa amefumba macho, lakini alisoma kila ukurasa kama mtu aliyekiokota kitabu asubuhi ile. Mimi nilikuwa nikijibu "Nimesikia" na "Imefanyika" kwa sauti ya kanisani, huku nikicheka ndani ya tumbo. Niliona ananichelewesha. Ujana ni ugonjwa ambao mgonjwa wake hujiona daktari.

Wiki ile alifariki Mzee Kilonzo, rafiki wa Mzee Mutiso tangu Bama. Alikuwa akiishi Komarock kwa binti yake, na mazishi yalipangwa kuwa Jumamosi, nyumbani kwake mbele ya Tala. Mjane wake, Mama Ndunge, alikuja karakana mwenyewe Jumatatu. Hakutaka hata kiti. Alisimama mlangoni, leso nyeusi kichwani, akasema, "Mutiso, mume wangu amewapigia wenzake wote. Usiniachie azikwe kimya."

"Hatazikwa kimya," Mzee alijibu. Nami nilikuwepo nikasikia ahadi hiyo ikitoka.

Jumanne Mzee alikwenda kushughulikia kibali cha polisi. Aliniachia funguo za kabati na maagizo mafupi: niisafishe bunduki ya kwanza, nikimaliza kabla hajarudi, ningoje. Mimi na kungoja! Mvua ilikuwa ikipiga mabati, karakana ilikuwa na baridi, na nilijiambia kwamba akirudi atakuta zote sita zinang'aa, na ataona kwamba Nekesa si mtoto wa kusomewa mistari.

Nilifungua zote sita. Kila bunduki ya aina ile ina bolti, kile kipande cha chuma chenye mkono unaovutwa nyuma na kusukumwa mbele kabla ya kupiga. Nilizitoa bolti zote nikazitia katika karai moja la mafuta ya taa, nikaziosha pamoja, vile mama anavyoosha vijiko baada ya wageni. Kitabu kilikuwa kinajaza meza, kwa hiyo nilikisogeza kando, nikakiweka dirishani. Zilipokauka nilizirudisha, hii hapa, ile pale, kila moja ikaingia bila ubishi. Nilizifunga kabatini nikaenda zangu nyumbani nikiimba.

Jumatano asubuhi Mzee alitoa bunduki moja kabatini, akavuta bolti, akaisogeza karibu na macho. Kisha akatazama namba iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki. Akairudisha, akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikingoja sifa.

"Nekesa, hizi uliziosha vipi?"

"Pamoja, Mzee. Zinafanana zote, na zimeingia vizuri."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Aliniita karibu akanionyesha kwamba kila bolti ina namba ya bunduki yake, maana kila moja ilikuwa imepimwa na kukwaruzwa kiwandani mpaka ikae sawasawa mahali pake. "Huu ndio mlango unaofungwa nyuma ya risasi," alisema. "Mlango usipokaa, moto hutafuta njia ya kurudi. Na hapa nyuma," akaweka kidole kwenye shavu langu, "huwa pana uso wa mtu. Kuingia si kukaa, msichana wangu."

Tukaanza kuzipanga kwa namba. Nne zilipata kwao mara moja. Mbili zilikuwa zimesuguliwa kwa tupa miaka mingi iliyopita na fundi tusiyemjua, namba zimekwisha. Zikabaki bolti mbili na bunduki mbili, na hatukujua ipi ni ya ipi. Nilikuwa tayari kusema tujaribu tu, lakini nilimtazama usoni nikaumeza ulimi. Alisema kuna njia ya kuzipima kwa geji, vile vipande vya chuma vya kupimia nafasi, na vipimo vyake vimo kitabuni. Ndipo alipokitafuta kitabu.

Kilikuwa dirishani nilipokiweka, na dirisha lile halikuwa likifunga. Mvua ya usiku kucha ilikuwa imekinywesha mpaka kurasa zikashikana zikawa donge moja. Tulijaribu kuzibandua kwa kisu chembamba. Ukurasa wa vipimo ulitoka vipande vipande, na wino ulikuwa umekimbia.

"Lakini wewe unavijua vipimo kwa kichwa, Mzee," nilisema.

"Ninavijua. Na jana nilimwita mjukuu wangu kwa jina la shangazi yake." Alikifunika kile kitabu kilichokufa kwa gazeti. "Wale watakaoweka mashavu yao hapa ni wazee wenzangu. Sitawapimia kwa kumbukumbu ya mtu wa miaka sitini na minane. Bila kitabu sitii sahihi, na bila sahihi hazitoki. Kilonzo atazikwa kimya, na mimi ndiye nitakayemwambia mkewe."

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Kwa sababu ya karai langu na dirisha langu, ahadi ya mzee kwa rafiki yake ilikuwa inavunjika, na zilibaki siku tatu.

Aliniambia, "Kilonzo alikuwa karani wa stoo ya silaha jeshini, na hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Nenda Komarock. Mwambie Mama Ndunge ulichofanya, umuulize kama kuna kitabu."

Nilisema ndiyo. Nikavua ovaroli, nikatoka langoni, na sikwenda Komarock.

Nitakuambia kwa nini, bila kujipamba. Niliona aibu. Niende kwenye nyumba ya msiba, mbele ya akina mama wa kanisa, niseme kwamba mimi ndiye niliyeharibu heshima za marehemu? Nilijiambia kwamba nitakipata kitabu kwingine, nikilete, na mjane asijue kamwe kulikuwa na tatizo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeushika uchi wangu kwa mikono miwili, huku nikitafuta mkono wa tatu wa kushika kitabu.

Sehemu iliyobaki ya Jumatano nilikuwa katika maktaba kubwa ya mjini. Mwanamke wa mapokezi aliniuliza nataka kitabu gani, nikamwambia, cha kutengeneza bunduki za zamani za kijeshi. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. Nilimwonyesha barua ya karakana, akaita mkubwa wake, mkubwa akaita mwingine, na mwishowe nikaambiwa vitabu vya namna hiyo havikai kwenye rafu za watu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimeloa mpaka soksi.

Alhamisi nilifika Gikomba kabla wauzaji hawajatandika maturubai. Nilizunguka kwa wauza vitabu vya mitumba mmoja baada ya mwingine. Wengi walikuwa na riwaya na vitabu vya hesabu. Mmoja, kijana aliyeitwa Kamaa, aliangua kicheko.

"Sasa msupa! Manual ya bunduki? Manze, unataka kuingia benki gani nikuje na gunia?"

"Ni ya mazishi," nilimwambia.

"Ya mazishi ya nani? Mwenye benki?"

Nilimweleza, si yote, yaliyonifaa tu. Kicheko kikaisha. Alisema, "Pole, siste. Hebu ngoja," akaingia nyuma ya marundo, akakaa huko karibu saa nzima, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope. Mkononi alikuwa na kijitabu cha rangi ya kijivu, chenye taji la mfalme juu yake, sawa kabisa na kile chetu kilichooza. Nililia pale pale sokoni. Nilikipokea, nikamlipa, nikakitia kifuani, nikaanza kukimbia.

Siku hizi ungeandika jina la bunduki kwenye simu yako, ukaletewa vitabu ishirini, nawe ungechukua cha kwanza kwa sababu picha ya juu inafanana. Usinicheke basi. Mimi nilichukua cha kwanza kwa miguu, katikati ya tope.

Nilimkuta Mzee Mutiso anafunga karakana. Nilimkabidhi kijitabu kwa mikono miwili.

"Umekipata kwa Mama Ndunge?"

"Hapana, Mzee. Gikomba."

"Komarock ulifika?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Haya. Umekisoma?"

"Nimekisoma, Mzee. Ndicho chenyewe."

Hata taji sikuwa nimelitazama mara mbili. Alikilaza kitabu mezani kifudifudi, akakifunika kwa kiganja. "Basi niambie ni cha bunduki gani." Nilijaribu kuchungulia chini ya kiganja. "Niambie ukurasa wa vipimo ni wa ngapi." Alikigeuza, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti kama kawaida yake. "Namba Moja. Zetu ni za aina ya Namba Nne. Namba Moja ni kaka yake mkubwa. Wana sura moja na matumbo tofauti, na vipimo vya huyu si vya yule. Ningefuata kitabu hiki kesho, ningepima vizuri kabisa nikakosea kabisa."

Nilifungua mdomo nieleze. Aliinua mkono.

"Kuchanganya bolti ni kosa la kazi. Hata mimi nimekosea kazi, ndiyo maana nasoma. Kitabu kunyeshewa, hiyo ni ajali. Lakini umesema umesoma, na hujasoma. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, Nekesa. Kidole ni chako. Ulimi wako ungemkwaza mzee mwingine usoni." Alivaa kofia. "Uliharibu mbio mbio, sasa unatengeneza mbio mbio, tena kwa kuzunguka mlango ambao nilikuonyesha. Mimi nitakuwa hapa kesho mchana. Kama hakuna kitabu, nakwenda Komarock mimi, na nitakayoyasema nitasema peke yangu. Sitakutaja."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonichoma. Angebeba lawama yangu, mzee mzima, mbele ya mjane wa rafiki yake. Sikulala vizuri, lakini nilipoamka sikuwa na hofu tena. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilichukua karatasi nikaandika mambo ya kuangalia kabla ya kukiamini kitabu chochote: ni cha bunduki namba ngapi, ni cha toleo lipi, ukurasa wa vipimo upo au umechanika, na kama kimesahihishwa, ni lini na kwa mkono wa nani. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Niliapa kwamba sitarudi karakana nikisema "ndiyo" ambayo sijaifungua.

Komarock nilifika saa mbili asubuhi. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, akina mama wanamenya viazi kwenye masufuria makubwa ya safari ya kesho, na wimbo wa Kikamba ukipanda na kushuka. Niliuliza mjane alipo, nikaingizwa ndani. Mama Ndunge alikuwa ameketi kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, amezungukwa na wenzake watatu. Nilipiga magoti, nikampa pole, kisha nikasema yote. Karai, dirisha, maktaba, Gikomba, na jinsi nilivyotumwa kwake tangu Jumatano nikaogopa kuja. Wale wenzake walianza kunong'ona. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulitaka nisijue."

"Ndiyo, Mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi ipite."

"Jumamosi itapita kwako, mwanangu. Mimi nitaishi nayo."

Nililia, na sikuona haya ya kulia. Alinyoosha mkono akanishika bega ili ajiinue, akanipeleka chumbani. "Mume wangu alikuwa mtu wa karatasi," alisema. "Tulinunua pasi, akasoma karatasi yake jioni nzima, nguo zinangoja. Angalia chini ya kitanda." Wahenga wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku hiyo sikuhitaji kufasiriwa. Nililala kifudifudi sakafuni, nikalivuta sanduku la bati lililokuwa nyuma ya mabegi, zito kuliko nilivyodhani.

Mlikuwa na barua, picha za vijana wenye kofia za jeshi, medali ndani ya soksi, na chini kabisa kijitabu cha kijivu kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni ya mkate. Nilisimama nikashukuru, tayari nimeelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Mama Ndunge aliuliza. "Soma kwanza. Hutanichukulia kitu cha mume wangu ukakimbia nacho hujui ni nini."

Basi niliketi kwenye kigoda kati ya akina mama wa viazi, nikatoa karatasi yangu, nikasoma. Namba Nne. Toleo ndilo. Ukurasa wa vipimo upo mzima, na pembeni mwa jedwali Mzee Kilonzo alikuwa ameandika masahihisho kwa wino wa bluu, herufi ndogo zilizonyooka, kila sahihisho na tarehe yake. Nilisoma tangu mwanzo mpaka mwisho. Kiingereza kiliponishinda nilirudia. Mama mmoja aliniwekea kikombe cha chai mguuni. Nilipomaliza, ilikuwa yapata saa tano, na kwa mara ya kwanza nilijua kazi niliyokuwa nikiifanya kwa miezi tisa.

Mchana ule Mzee Mutiso aliniuliza swali moja tu: "Umesoma?" Nilimjibu kwa namba ya ukurasa wa vipimo. Hakutabasamu, lakini alinisukumia kitabu. "Leo soma wewe." Nilisoma mstari, akasema, "Nimesikia." Alifanya, akasema, "Imefanyika." Fundi wa zaidi ya miaka arobaini kazini alinijibu mimi, mtoto wa juzi, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo.

Tulizipima zile bolti mbili. Ya kwanza ilikaa katika bunduki yake kama kitabu kilivyotaka. Ya pili ilifika kwenye ile geji nene ambayo bolti nzima haipaswi kufunga juu yake. Ikafunga, laini, bila kusukumwa. Tulirudia mara tatu. Tukaijaribu kwenye ile bunduki nyingine, ikawa vile vile. Ilikuwa imelika.

"Hii isingekuwa salama hata katika bunduki yake," Mzee alisema.

Usije ukasema karai langu lilikuwa baraka, mwanangu. Kipimo kile kiko katika kazi ya kila mara. Kama ningesafisha moja moja kitabu kikiwa wazi, tungegundua Jumanne au Jumatano, na pengine tungepata muda wa kutafuta bolti nyingine. Sasa ilikuwa Ijumaa jioni, na bunduki za kupigwa zilikuwa tano.

"Wazee ni sita," nilisema.

"Mmoja atabeba hiyo bila risasi," alijibu. "Nitaibeba mimi." Kisha akachukua kadi ya matengenezo ya bunduki ile, akanipa kalamu. "Andika: isipigwe. Tia sahihi yako." Sikuwahi kutia sahihi yangu kwenye kadi yoyote ya karakana. Niliandika jina langu lote, lisomeke.

Jumamosi nilikwenda Tala. Walijipanga kando ya kaburi, wazee sita wenye makoti yaliyowazidi mabega, bunduki mikononi, polisi wawili nyuma yao. Amri ilipotolewa waliinua wote sita pamoja, mashavu yakagusa mbao. Nilifumba macho. Mlio ulipopita niliyafumbua nikahesabu nyuso, moja, mbili, tatu, nne, tano, zote nzima. Wakapiga tena. Na tena. Mzee Mutiso aliinua nao na kushusha nao kila mara, kidole kimenyooka kando ya kifyatulio. Alikuwa amemwahidi rafiki yake heshima ile, na alimpa kwa bunduki isiyolia.

Wengi pale hawakugundua. Mama Ndunge aligundua. Nilimwona akivuka ule udongo mbichi, akaenda moja kwa moja kwake, akaushika mkono uliokuwa umeshika ile bunduki kimya, akaushika kwa muda mrefu. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, akaitikia kwa kichwa.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kazi uliyopewa, uifanye moja moja, hata kama unaijua, hata kama hakuna anayekutazama. Kitabu cha kazi yako kitafute mpaka ukipate, uliza kila mlango, na ukikipata usikiamini kwa sura ya jalada. Kifungue. Ukiulizwa kama umesoma na hujasoma, sema hujasoma. Ni neno fupi na haliui mtu. Na ukiharibu, nenda kwanza kwa yule uliyemharibia, kabla hujazunguka mji mzima ukitafuta njia ya kumkwepa. Mimi nilizunguka siku mbili, na dawa ilikuwa mvunguni mwake. Ikifika siku utakapotakiwa kusimama kimya ili mwingine awe salama, simama, wala usidai kuonekana.

Mungu akupe subira ya mistari midogo na ujasiri wa kupiga magoti. Akupe mwalimu atakayekukemea bila kukutupa. Mikono yako ibaki mizima, na wote watakaoiamini kazi ya mikono hiyo warudi majumbani kwao na nyuso zao. Amina.